Jibu: Hesabu ya fomu kwenye wiki hailingani na majibu yaliyofika

Dada, umesema wiki ya timu yenu, yaani kurasa za mtandaoni mnazoandika pamoja, inaonyesha fomu chache za wakulima kuliko zilizotumwa. Bila shaka mnanakili majibu kwa mkono. Acheni hilo leo hii.

Unganisheni fomu yenu ya mtandaoni ya Google Forms na jedwali la Google Sheets. Kila jibu litaingia lenyewe na tarehe na saa yake. Upande wa kulia ongezeni safuwima mbili zenu: nani analishughulikia, na limefikia wapi. Kwenye wiki wekeni kiungo na utaratibu wa kazi tu.

Namba za simu ziangalieni sana. Hapa Mbale tulimhesabu mkulima mmoja wa kahawa mara mbili, kwa kuwa fomu moja ilianza na 07 na nyingine +2567. Sasa tumeamua ni 07 tu, na fomu yenyewe inakataa vinginevyo.

Jambo moja nawasihi: ukifuta mstari kwenye jedwali, jibu linabaki ndani ya fomu. Mkulima akitaka taarifa zake zifutwe, futeni kote kuwili. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na wale watu walituamini.