Nijengee tovuti kwa lugha gani? Majibu kwa wasomaji sita

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: nianze na lugha gani ya programu? Nimechagua sita, na kila barua inafuatwa na jibu langu. Niseme mapema kwamba nina upande. Kwangu mimi suala la kwanza ni nani ataifungua kazi hiyo siku ambayo wewe haupo. Nguvu ya lugha yenyewe huja baadaye.

Nimemaliza chuo mwaka jana, niko Mwanza. Shule moja ya sekondari imenipa kazi ya tovuti: matangazo, fomu ya kujiunga na matokeo ya mitihani ya ndani. Nataka kutumia PHP ila wenzangu wananicheka, wanasema imekufa.

Waache wacheke, wakimaliza waulize Wikipedia imeandikwa kwa lugha gani. Ni PHP. WordPress nayo, tangu 2003, ni PHP. Rasmus Lerdorf alipoitoa mwaka 1995 ilikuwa vijiprogramu vya kuendeshea ukurasa wake binafsi, na kusema kweli ina mambo ya mtoto aliyekua bila mlezi: kuna strlen isiyo na kistari na str_replace yenye kistari, na hakuna anayeweza kukueleza kwa nini. Lakini wengi wanaoicheka waliachana nayo ikiwa toleo la 5. Toleo la 7 lilitoka Desemba 2015 likiwa na kasi kubwa kuliko la 5, la 8 likafuata 2020, na ukitaka mpangilio mzuri wa kazi, Laravel, kiunzi cha kujengea tovuti kwa PHP, ipo tangu 2011.

Sababu yangu kubwa lakini ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuitoa kwa wanaoifungua. Shule yako italipia seva ya pamoja, ile ya bei ya chini mnayotumia na wateja wengine, yenye cPanel, ukurasa wa kuisimamia kwa kubonyeza. Huko PHP inakusubiri: unapandisha faili, unafungua kivinjari, ukurasa huo hapo. Node.js (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva) au Django (kiunzi cha Python) inataka programu iliyo macho muda wote, na mara nyingi hiyo maana yake ni kukodi seva yako peke yako, ambayo lazima mtu aisasishe, ailinde na aamke usiku ikizima. Huyo mtu ni nani hapo shuleni? Mwalimu wa kompyuta mwenye vipindi 28 kwa wiki?

Hapa nina kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita niliijengea saccos moja mfumo wa wanachama kwa Ruby. Nilikuwa nimejifunza Ruby miezi mitatu tu nyuma, na mapenzi mapya mnayajua. Kazi ilitoka safi. Kisha nikahama mji, seva ikagoma baada ya kusasishwa, katibu akazunguka kwa mafundi wote wa pale. Kila mmoja alitazama, akatikisa kichwa, akamrudishia karatasi yake. Mwishowe kijana mmoja aliuandika mfumo upya kwa PHP ndani ya wiki tatu. Kwa macho yangu kazi ile ni mbaya, na inatumika hadi leo. Ruby haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwamba katika mji ule wote niliyeijua ni mimi tu.

Jambo moja kabla hujaanza. Usichukue alichoandika mtu kwenye fomu ukakibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata; tayarisha amri kwanza, kisha ipe data kando. Watu wengi hudhani hilo ni kwa ajili ya wadukuzi tu. Uko Mwanza, ndugu yangu: mwanafunzi wa kwanza mwenye jina la Ng'wandu ataiangusha fomu yako kwa ile alama ya juu iliyomo kwenye jina lake, bila nia mbaya yoyote.

Mimi na dada yangu tuna duka la vitambaa Mombasa na tunataka kuuza mtandaoni, malipo kwa M-Pesa. Najua Python kidogo, binamu yetu anajua JavaScript. Ipi inaelewana vizuri na M-Pesa?

M-Pesa haijali. Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, inapokea na kutuma JSON (data iliyopangwa kama maandishi) kwa njia ya HTTPS, na hakuna lugha ya wavuti isiyoweza hilo. Ningechagua Python pamoja na Django, kwa sababu ya dada yako. Django ilizaliwa ndani ya gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma 2005. Chumba cha habari hakiwezi kumsubiri developa kila habari inapoingia, kwa hiyo Django inakuja na kurasa za usimamizi zilizokwisha tengenezwa. Dada yako atabadilisha bei ya kanga na kuondoa jora lililokwisha bila kukupigia simu.

Kazi ngumu iko kwenye malipo yenyewe. Seva yako inatuma ombi, simu ya mteja inamdai PIN, na jibu la mwisho linakuja baadaye, likitumwa na Safaricom kwenye anwani uliyoitoa. Katikati hapo mengi hutokea. Mteja ameweka PIN, bando limekata, kafunga kivinjari. Usiamini kivinjari chake kikikwambia amelipa; amini jibu lililofika kwenye seva. Ombi likikubaliwa hifadhi CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo, papo hapo, ili jibu likija ujue ni la oda ipi. ResultCode, namba ya matokeo iliyomo kwenye jibu, ikiwa 0, pesa imeingia. Ikiwa 1032, mteja alighairi. Jibu lisipofika, uliza hali ya muamala kabla ya kumwambia mtu alipe tena. Na jibu likifika mara mbili, oda isihesabiwe mara mbili, la sivyo mtatuma majora mawili kwa bei ya moja.

Tena hifadhini shilingi kama namba kamili. Mwambie binamu ajumlishe 0.1 na 0.2 kwa JavaScript aone: atapata 0.30000000000000004. Python nayo itamjibu hivyo hivyo.

Nina kampuni ndogo ya kukatisha tiketi za mabasi, Arusha. Tovuti yetu ni nzito. Kijana wetu anasema dawa ni kuiandika yote upya kwa Go, miezi sita. Nikubali?

Bado. Mwambie kwanza akuonyeshe ni wapi muda unapotea. Go, iliyotoka Google 2009, ni lugha nzuri sana, nami naipenda. Lakini mara nyingi tovuti ya namna yenu ikiwa nzito, mzigo uko kwenye hifadhidata inayopekua jedwali zima kutafuta safari moja kwa sababu hakuna aliyeiwekea faharasa, au kwenye picha. Niliwahi kuitwa kwa ajili ya "seva mbovu" nikakuta picha ya ukumbi ya megabaiti 6, imetoka kwenye kamera na kuwekwa vilevile juu ya ukurasa wa mbele. Kwa abiria mwenye bando la siku, hakuna lugha itakayomwokoa na hiyo.

Facebook ilianza 2004 kwa PHP, na ilipokua haikuitupa kazi yote. Ilitengeneza mtambo wake wa kuiendesha kwa kasi, na mwaka 2014 ikatoa Hack, lugha inayotokana na PHP hiyohiyo, ili msimbo uhamishwe kidogo kidogo. Twitter kwa upande wake ilianza na Ruby, kisha ikahamisha baadhi ya sehemu zake nzito kwenda Java na Scala. Hao ni watu wenye mamilioni ya watumiaji na majeshi ya wahandisi, na bado walikwenda kipande kwa kipande. Mpe kijana wiki mbili za kupima. Akirudi na namba zinazoonyesha kwamba ukataji wa tiketi wenyewe ndio unaokwama, mpe kipande hicho kimoja akiandike kwa Go. Miezi sita usimpe, kwa sababu miezi hiyo sita mabasi yataendelea kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na mtahitaji tovuti ya zamani itunzwe vilevile.

Chuoni Dodoma wanatufundisha Java. Nje huku kuna mtu anaitumia kwenye wavuti kweli?

Uliza wizara ya afya. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania, Kenya na Uganda, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na upande wake wa seva ni Java. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ni Java pia, na zote mbili msimbo wake uko wazi. Soma kwa bidii.

Shikamoo, mimi ni mwalimu mstaafu, Tanga, miaka 63. Nataka kujifunza mwenyewe, nitengeneze ukurasa wa historia ya ukoo wetu. Nianzie wapi, au nimechelewa?

Wewe ndiye wa kuamkiwa, mwalimu. Shikamoo. Hujachelewa, na kwa kazi hiyo huhitaji lugha ya programu kwa sasa. Anza na HTML, ambayo ni alama tu za kuiambia kompyuta hiki ni kichwa, hiki ni aya, hii ni picha ya babu. Kisha CSS kwa ajili ya rangi na mpangilio. Vyote viwili vinaandikwa kwenye Notepad na kufunguliwa na kivinjari ulichonacho, hata bila intaneti. Ukitaka mtu akibonyeza jina la babu watoto wake watokee, hapo ndipo JavaScript inaingia, nayo tayari imo ndani ya kivinjari. Ila kabla ya yote nakili picha za ukoo mahali pawili. Nimeona flashi moja ikifa na miaka 40 ya watu.

Kuna lugha ya programu ya Kiswahili? Naweza kujengea tovuti?

Ipo. Inaitwa Nuru, imejengwa kwa Go, na maneno yake ni yetu: andika huchapisha, kama na sivyo hugawa njia. Ni nzuri kwa kumfundishia mtoto wa darasa la sita asiyejua Kiingereza, nami nimekaa na mpwa wangu jioni nzima akiilazimisha kompyuta iseme jina lake mara mia. Tovuti ya mteja anayelipa nisingeijengea humo, kwa sababu ileile ya katibu wa saccos.