García Pérez na balaa la "jina la mwisho"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi hutafsiri habari za kimataifa gazetini. Juzi niliandika habari iliyomtaja Rais wa zamani wa Peru, Alan García Pérez, nikaeleza kuwa "jina lake la mwisho ni García". Mhariri akalikata García akaweka Pérez, kisha akanicheka kwamba sijui kuhesabu mpaka tatu. Nani kati yetu kapatia? Na hilo García lina maana gani, mbona limejaa kila nchi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwa hesabu mhariri wako kapatia, maana Pérez kweli liko mwisho. Kwa habari kakosea, kwa sababu Peru haijawahi kutawaliwa na mtu anayeitwa Rais Pérez wa miaka ya 1985 hadi 1990, wala wa 2006 hadi 2011. Wewe ulimjua mtu ukamtaja kwa neno bovu, yeye akalitii neno bovu akampoteza mtu. Neno lenyewe ni "jina la mwisho", na leo limejileta mlangoni kwa miguu yake. Tumalizane kwanza na García.

García lilianza kama jina la mtu, si la ukoo. Wafalme kadhaa wa Pamplona, kaskazini mwa Hispania ya leo, waliitwa hivyo kuanzia karne ya 9. Asili yake wengi huitafuta katika Kibaski, lugha iliyokuwepo huko kabla ya Warumi. Wapo wanaolihusisha na hartz, yaani dubu, na wapo wanaolivuta kwenye gazte, kijana. Ubishi haujaisha, na si sisi tutakaoumaliza. Ila ukikutana na mtu anayeuza kikombe chenye "ngao ya ukoo wa García", jua unanunua kikombe tu. Ngao walipewa watu wa nasaba fulani, hazikugawiwa kwa kila aitwaye García.

Majina mengine makubwa ya Kihispania ni rahisi zaidi kwetu kuliko kwa Waingereza, kwa sababu ile -ez ya mwisho inafanya kazi ya bin. Rodríguez ni bin Rodrigo, Martínez bin Martín, Hernández bin Hernando, Sánchez bin Sancho, López bin Lope. Hata Pérez wa mhariri wako ni bin Pero, namna ya zamani ya kusema Pedro. García nalo lina bin yake, Garcés, lakini wengi waliweka jina la baba hivyo hivyo bila kiambishi, kama sisi tunavyosema Salim Ali badala ya Salim bin Ali. Baadaye majina hayo yakaganda: mjukuu wa Martín akaendelea kuitwa Martínez hata kama baba yake ni Pedro, na ubini ukageuka jina la ukoo. Ubini ni neno letu zuri, lipo kamusini, limezaliwa na bin hiyo hiyo, na hakuna anayelitumia.

Kuhusu wingi wake: Hispania peke yake ina watu karibu milioni 1.45 ambao García ndilo jina lao la kwanza la ukoo, yaani watatu katika kila mia, na wengine karibu idadi hiyo hiyo ambao ni lao la pili. Zaidi ya 70,000 wanayo yote mawili, García García. Marekani, jina hili lilikuwa la 18 katika sensa ya 1990, la 8 mwaka 2000, na mwaka 2010 likafika la 6 likiwa na watu 1,166,120, ambao 92 katika kila mia walijitaja kuwa na asili ya Kihispania. Waliolitangulia ni kina Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones tu. Jina linapojaa hivyo halimtambulishi mtu tena, ndiyo maana viungo wa timu ya soka ya Hispania wanavaa vifupisho mgongoni: Rodri ni Rodrigo Hernández Cascante, Pedri ni Pedro González López. Mwite Pedri "González" katikati ya Madrid uone wangapi watageuka.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Mhispania ana majina mawili ya ukoo. La kwanza, kwa desturi, ni lile la kwanza la baba yake. La pili ni lile la kwanza la mama yake. Chukua mtu ambaye hata mtoto wa shule wa hapa kwetu anamjua. Baba aliitwa Ángel Castro Argiz, mama Lina Ruz González. Chukua Castro la baba, chukua Ruz la mama, yapange: Fidel Castro Ruz. Argiz na González yameachwa njiani. Angalia pia kwamba hata hilo la mama, mama mwenyewe alilitoa kwa baba yake, kwa hiyo wanaosema Wahispania "hutumia jina la mama" wanasema nusu. Ndugu wa baba na mama mmoja huyabeba yote mawili kwa mpangilio ule ule: Raúl naye ni Castro Ruz. Hata yule Mkuba aliyekwenda Kongo na Che Guevara mwaka 1965 akapewa jina la msituni la Kiswahili, Mbili (Guevara mwenyewe akiwa Tatu), alikuwa José María Martínez Tamayo, na mdogo wake alikuwa René Martínez Tamayo.

Mpeleke sasa Castro kwa mhariri wako. Jina la mwisho? Ruz. Basi Kuba iliongozwa miaka yote ile na Rais Ruz, akamwachia madaraka mdogo wake, Ruz mwingine, na wazee wetu waliokuwa wakimshangilia Castro walikuwa wakimshangilia babu asiyejulikana. Nenda uwanjani: Lionel Andrés Messi Cuccittini. Mtangazaji wa mpira atuambie Cuccittini kapiga chenga, Cuccittini anaachia shuti. Josep Guardiola Sala yeye atakuwa Kocha Sala, jina linalomfaa zaidi padri. Mbona hatufanyi hivyo? Kwa sababu hao tunawajua. Kanuni ya "jina la mwisho" tunaitumia kwa watu tusiowajua tu, na kanuni inayofanya kazi gizani pekee haifai kuitwa kanuni. Ndivyo Rais wa Meksiko wa 2018 hadi 2024, Andrés Manuel López Obrador, alivyogeuzwa "Rais Obrador" katika habari zilizopitia Kiingereza kabla ya kufika kwetu. Obrador ni upande wa mama. Kwao ni López Obrador, yote mawili, au herufi nne tu, AMLO.

Utaniuliza: mbona Pablo Ruiz Picasso ni Picasso, na aliyekuwa waziri mkuu wa Hispania, José Luis Rodríguez Zapatero, ni Zapatero? Swali zuri. Ni ule wingi tuliouona. Jina la kwanza likiwa la kila mtu, Wahispania wenyewe huliruka wakashika la pili lililo adimu. Lakini huo ni uamuzi wao kwa mtu mmoja mmoja, na hauna kanuni ya kuukisia ukiwa mezani Morogoro. Alan García hawakumruka, ingawa García limejaa. Njia ni moja: tazama magazeti ya nchi yake yanamwitaje kwenye vichwa vya habari, nawe umwite hivyo.

Na usidhani ukikariri kwamba "la katikati ndilo la ukoo" umepona. Wareno hupanga kinyume, la mama kwanza, la baba mwisho: Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro, dos Santos kwa mama, Aveiro kwa baba. Ronaldo si la ukoo kabisa. Ni jina la pili alilopewa alipozaliwa. Ufilipino ni kichekesho zaidi. Mwaka 1849 gavana Mhispania, Narciso Clavería, aliamuru familia zichukue majina ya ukoo kutoka kwenye orodha iliyochapishwa, kwa hiyo Mfilipino mwenye jina la Kihispania mara nyingi hana babu Mhispania. Baadaye walitawaliwa na Wamarekani, na mpangilio ukageuzwa: la mama likaenda katikati, la baba likaja mwisho. Rais wao wa 1957 hadi 1961 ni Carlos Polistico Garcia. Garcia wa Manila yuko mwisho, García wa Lima yuko katikati, na wote wawili wamelipata kwa baba. Nafasi ya jina haikuambii kitu.

Hata Hispania yenyewe imebadilika. Tangu mwaka 1999 sheria inawaruhusu wazazi kutanguliza jina la mama, na tangu mwisho wa Juni 2017 la baba halitangulii tena lenyewe: wazazi hutaja mpangilio wanaposajili mtoto, wasipokubaliana ofisa wa usajili huamua, na mpangilio wa mtoto wa kwanza huwafunga wadogo zake. Mwanamke akiolewa habadili kitu.

Kiswahili kikisema "la mwisho" kinasema kwamba baada ya hilo hakuna jingine. Basi. Hakisemi baba, hakisemi ukoo. Maana ya ukoo tumeibandika juu kwa sababu Kiingereza kina mazoea hayo, na Kiingereza kinaruhusiwa kwa sababu jina la ukoo la Mwingereza kweli hukaa mwisho. Letu je? Asha Salim Juma: Salim ni baba, Juma ni babu. Baba yake ni Salim Juma Hamisi. "Jina la mwisho" la binti ni Juma, la baba ni Hamisi, na ofisa wa viza anawatazama kama watu waliookotana kituo cha basi. Tumechukua kiatu kisichomtosha Mhispania wala sisi, tukakivaa kwa kuwa kilikuja na fomu. Na wanaosema "Rais Xi" bila kusita, ilhali Xi ndilo linalotangulia katika Xi Jinping, ndio hao hao watakaokuandikia "Rais Pérez" asubuhi inayofuata.

Ukitaka kuona jambo hili lilivyopangwa na watu makini, fungua pasipoti yoyote kwenye ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Ya García ingeanza hivi:

P<PERGARCIA<PEREZ<<ALAN<GABRIEL<LUDWIG<<<

P ni pasipoti, PER ni Peru. Kisha jina la ukoo huja kwanza, popote mwenyewe anapoliweka. Alama moja ya < ni nafasi tu ndani ya kundi moja. Alama mbili, <<, ndizo zinazotenga ukoo na majina ya kupewa. Kwa hiyo GARCIA<PEREZ ni ukoo, yote mawili, na ALAN<GABRIEL<LUDWIG ni majina yake mwenyewe. Mashine haijauliza lipi ni la mwisho. Anayejaza tiketi ya ndege akaliweka García kwenye kisanduku cha jina la kati anatengeneza abiria asiyelingana na pasipoti, na kwenye kaunta msafiri ndiye atakayeulizwa, si yeye. Wengi walioko Marekani wamechoka na balaa hilo, ama wakaweka kistari, García-Pérez, ama wakalitupa la mama.

Hukumu yangu basi. Kwenye fomu za ofisi "jina la mwisho" limeshahamia, lina godoro na chandarua, nami sina nguvu ya kulitoa. Andika linachotaka ukapate huduma. Kwenye maandishi yako, liache. Sema jina la ukoo. Najua, García milioni moja na nusu si ukoo mmoja na hawatachanga mahari pamoja, lakini neno hilo angalau linaonyesha upande jina linakotoka. Penye haja ya kutofautisha, sema jina la kwanza la ukoo na jina la pili la ukoo. Jina la baba linalobadilika kila kizazi, kama letu, liite ubini. Sentensi yako ilipaswa kuwa: "Alan García Pérez, ambaye jina lake la kwanza la ukoo ni García." Ukimtaja mara ya pili, García. Kwenye faharasa anakaa chini ya G.

Hukuuliza matamshi, lakini nawasikia watangazaji wenu. Alama juu ya í inaonyesha mkazo: gar-SÍ-a, silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoweka mkazo bila kuambiwa. Hispania kwingi wanaitamka hiyo c kama th ya thelathini, Amerika ya Kusini kama s. Sauti zote mbili tunazo. Irabu zao ni tano kama zetu. Mswahili anayelitamka García kwa pua ya Kiingereza amezunguka London kwenda Lima bila sababu. Na alama hiyo usiiache unapoandika: kwenye simu shikilia kitufe cha i mpaka orodha itokeze, uchague í. Kwa Garcia wa Manila usiiweke, maana mwenyewe hakuiweka.