Kidole Kikiteguka, Usikubali Kivutwe Uwanjani

Juzi msomaji kanitumia picha ya kidole chake cha pete, kimevimba kiungo cha kati kama kitunguu. Anasema mwenzake alikivuta kikarudi, sasa anataka kujua lini arudi mazoezini. Nikatazama kidole changu, ambacho hadi leo hakinyooki.

Wachezaji wenzangu mnaijua ile hali. Kidole changu kilinasa kwenye fulana ya mpinzani, kikasokotwa, nikaona nusu ya mbele imezama kuelekea kiganjani. Kabla sijapiga yowe, mwenzangu alishakishika. Akavuta, kikalia "ko", watu wakapiga makofi. Nikamaliza mchezo! Nilitamba nao mwezi mzima, mjinga mimi.

Baada ya wiki kadhaa kiungo cha kati kikaanza kupinda. Daktari aliniambia nikikunje kwenye ukingo wa meza, kisha nijaribu kukinyoosha huku yeye akikizuia. Sikuwa na nguvu pale katikati, ila ncha ikakakamaa yenyewe. Kano ya kunyooshea kiungo hicho ilikuwa imekatika. Ningefungwa banzi mapema, kiungo kimenyooka na ncha imeachwa huru, kwa wiki 6 hivi, huenda ingeshika. Yule mvutaji hajawahi hata kuniuliza kidole kinaendeleaje. Basi.

Mara nyingi mfupa huchomoka kuelekea nyuma ya mkono, na hiyo ni nafuu: daktari anapiga ganzi, anarudisha, kidole kinafungwa pamoja na jirani yake na kuanza kukunjwa mapema kisigande. Ukichomokea kiganjani kama wangu, tiba ni nyingine kabisa. Mvutaji wa uwanjani atajuaje? Wala hajui kama kuna kipande cha mfupa kimevunjika. Ndiyo maana nahubiri eksirei, kabla ya kurudishwa na baada. Kikirudi chenyewe, eksirei. Kikivutwa na rafiki, eksirei vilevile. Na ngozi ikichanika, au ncha ikipauka na kufa ganzi, usingoje hata kesho.

Uvimbe nao usikutishe, unaweza kukaa miezi.

Msomaji wangu nimemwandikia mara mbili aende leo hii, kimya. Kwenye ile picha, pete bado ilikuwa kidoleni, nyama imeanza kuifunika.