Unaanza kalkulasi online? Kwanza cheki hiyo kalkuleta

Wenzangu mnaoanza kalkulasi muhula huu mkiwa nyumbani, mimi niliisomea hapa Kondele, Kisumu, kwa simu na laptopu ya kuazima, na hiyo kozi niliirudia, kwa hivyo haya ni maneno ya mtu aliyeanguka, si ya yule wa kupata A.

Kalkuleta kwanza. Ile ya sekondari ukiiwasha, angalia juu ya skrini kama kuna ka-D kadogo, yaani digrii. Wiki ya pili tuliambiwa tutafute limiti, yaani namba ambayo jibu linaikaribia, ya sin x gawa kwa x, x ikikaribia sifuri, na jibu linafaa liwe 1. Nikaweka 0.01, ikanipa 0.01745. Nikaweka 0.001, bado ni 0.01745. Nikaangalia video mara tatu hadi bando ikaisha, nikaanza kuamini ati notsi ndo zimekosea. Kumbe kalkuleta imekaa kwa digrii tangu Form 4 na huku kwa kalkulasi pembe ni radiani, kipimo kingine cha pembe, na hiyo 0.01745 ni pai gawa kwa 180 tu. Bonyeza MODE mpaka uone Rad, uchague hiyo, maisha yaendelee.

Lakini kilichoniangusha kabisa si hicho, ni aljebra. Wengi wetu diferenshiesheni na intigresheni tulizipitia Form 4 mwishoni, mwalimu anakimbizana na silabasi na mock iko mlangoni, kwa hivyo ukiona jina la topiki unadhani unaijua. Swali la kwanza la CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, lilikuwa rahisi tu: kwa kutumia limiti, onyesha derivativu ya x², yaani kasi inayobadilika nayo. Unachukua (x + h)², unatoa x², unagawa kwa h, halafu h unaipeleka sifuri. Mimi nikaandika (x + h)² ni x² + h². Basi x² ikaisha, nikabaki na h² gawa kwa h, yaani h, na h ikienda sifuri jibu langu likawa sifuri. Mfumo ukaniandikia "si sahihi" na ukanyamaza. Hapo ndo ubaya wa kusoma mbali, klasini mwalimu angepita nyuma yako aone hiyo laini, huku mashine inaona jibu la mwisho peke yake. Aliyeniokoa ni mtoto wa shangazi, wa Form 2, alikuja kuazima chaja akachungulia daftari, "Kaka, na 2xh umeipeleka wapi?" Niliona aibu lakini nikamwekea chai. Ukiiweka hiyo 2xh unabaki na 2x + h, h ikienda zake ni 2x, kwisha.

Kwa hivyo kabla hujafungua video ya limiti, kaa na vitabu vya Form 2 na Form 3 wiki moja, mabano, fakta (factors), sehemu, indisi (vipeo). Najua inaudhi ukiwa chuo kikuu.

Na kwa vile hakuna mtu anakuangalia, jifunze kujiangalia. Tuseme umedifferenshieti (3x + 1)² ukapata 2(3x + 1). Chukua x ikiwa 1, fankisheni inakupa 16. Sogea kidogo, x iwe 1.001, inakupa 16.024009. Tofauti gawa kwa 0.001 ni 24.009, na hiyo inafaa ikaribiane na derivativu yako pale x ni 1. Jibu lako linasema 8, la kweli ni 24, maana umesahau kuzidisha na ile 3 ya ndani, kanuni ya mnyororo (chain rule) hiyo. Dakika moja na kalkuleta, hauhitaji lekchara wala bando. Hii mimi nilianza kuifanya nikirudia kozi na sijui kwa nini hakuna mtu alitwambia mapema.

Kutaipu nako kuna mitego. Ukiandika x^1/2 ukimaanisha kipeo cha nusu, mashine inasoma x gawa kwa mbili. Weka mabano, x^(1/2), hata kama unaona ni mengi.

Video, usitazame kama sinema. Lekchara akiandika swali simamisha, fanya kwa karatasi, ukikwama ndo uendelee. Za wiki nzima mi nilikuwa nadownload usiku mahali penye WiFi. CAT usingojee saa tano na dakika hamsini usiku, stima ikipotea Kondele haikuulizi una dedlaini ya nini.

Halafu nyumbani waambie masaa yako. Ukiwa na simu mkononi hakuna anayeamini unasoma, mama atakutuma soko la Kibuye nyanya katikati ya limiti, na huwezi kumkatalia. Mimi nilihamia saa kumi alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Grupu la WhatsApp la watu wanne linatosha, na usiulize "jibu ni ngapi", piga picha kazi yako uulize ni laini gani umepotelea. Huyo mtoto wa shangazi tulimwongeza pia. Kalkuleta yangu anayo yeye sasa, na nimeirudisha kwa digrii kabla sijampa, maana sine na cosine zake bado ziko huko.