Mzee hataki hela ya korosho iende kwenye Kilatini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Masasi, nafundisha historia na Kiswahili sekondari. Kilatini nilisoma seminari ndogo, na nilikuwa nakiweza haswa, sasa nataka nikapige masta ya Kilatini na fasihi yake nje. Mzee kasema hela ya korosho haitoi kwa lugha ambayo haina hata wa kusalimiana naye. Je, niombe chuo moja kwa moja? Na kile cha seminari kinatosha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakitoshi, nisikudanganye. Seminari mlisoma sarufi na sala, na Kilatini cha misale kimenyooka, sentensi fupi, ila masta hakuna wa kukushika mkono tena, unapewa orodha ya waandishi wa Roma ya kale, kina Cicero, Livy, Vergilius, Tacitus, na mara nyingi mtihani unawekewa kipande hujawahi kukiona utafsiri bila kamusi. Cheki Tacitus anavyoanza kitabu chake cha historia, Annales: Urbem Romam a principio reges habuere. Maneno sita tu, Roma inayotawaliwa imekaa mbele, wafalme wanaotawala wamesukumwa kule nyuma, af hiyo habuere ni habuerunt imekatwa mkia, mtu wa seminari akiiona anadhani ni infinitivu (kitenzi cha "ku-", kama kusoma) imekosewa. Na hapo ni mlangoni tu, huko ndani jamaa anaacha vitenzi kabisa ujaze mwenyewe.

Mashairi ndo balaa. Aeneis, utenzi wa Vergilius, ina vitabu 12, na mistari yake haina vina wala haihesabiwi mizani kama tulivyozoea huku, inaenda mapigo sita ya silabi ndefu na fupi, kwahiyo kama mlikuwa mnasoma bila kujali irabu ndefu, hapo unaanza upya. Kigiriki pia watakuuliza, na Kijerumani au Kifaransa cha kusomea makala. Kamusi kubwa kuliko zote ya Kilatini inaandikwa Munich toka miaka ya 1890 na mpaka leo haijaisha, ndo ujue unaingia kwa watu wa aina gani.

Kuomba moja kwa moja kwa digrii ya ualimu sikushauri, tafuta kwanza kozi ya kujazia. Sio lazima Ulaya, chuo cha Ibadan kule Nigeria wanafundisha haya mambo, cha Legon kule Ghana pia, hata Malawi hapo jirani, Zomba, wana historia nayo. Ukiandika maombi usijifanye Mrumi, andika kuhusu Waafrika walioandika Kilatini, Augustino kazaliwa Thagaste mwaka 354, Apuleius katokea Madauros, kote huko leo ni Algeria. Mwalimu wa historia kutoka Masasi akija na hoja hiyo atasikilizwa, tena mi naona ndo karata yako pekee.

Mzee namuelewa, hela ya korosho ina salfa ya kupulizia mikorosho inaisubiri. Usimguse, tafuta ufadhili. Kwa sasa ingia tovuti ya Perseus kwenye simu, ina maandiko ya Kilatini, ni bure, ukibonyeza neno linakuchambulia, ila usilibonyeze kabla hujabanwa kweli. Na Ndanda si mbali, watawa Wabenediktini wako pale toka 1906, piga hodi uulize kama kuna padre mzee wa kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Anza na hotuba moja ya Cicero, ukiimaliza yote bila tafsiri pembeni ndo uanze kujaza fomu.