Majike hawapandwi? Anza na maranda ya dume

Dada, umesema majike wako wa panya wadogo weupe wamekaa pamoja wiki kadhaa kwenye kizimba kimoja, na sasa kila ukiwaingizia dume wanamkimbia. Usiwatupe, si tasa. Majike wengi wakibanana bila harufu ya dume, mzunguko wao wa uzazi, ambao kwa kawaida ni wa siku 4 au 5, hurefuka au husimama kabisa.

Chukua maranda machafu ya dume, yenye mkojo wake, uyaweke kwenye kizimba chao. Harufu ile huamsha ubongo, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inatoa homoni za kukuza mayai, ovari nazo zinamwaga estrojeni, homoni ya kike. Wengi huingia joto, yaani huwa tayari kupandwa, usiku wa tatu, basi muingize dume jioni hiyo. Asubuhi na mapema angalia kizibo cheupe ukeni, ndiyo dalili kwamba amepandwa. Kikikauka huanguka, ukichelewa hutakiona.

Taa je? Hili watu hulipuuza sana. Homoni inayofanya yai litoke kwenye ovari hufuata saa ya mwili, na saa hiyo hufuata mwanga. Wape saa 12 za mwanga na 12 za giza, zisibadilike.

Na tafadhali, jike akishapandwa usimletee dume mgeni siku chache za mwanzo. Harufu yake hushusha homoni ya prolaktini, projesteroni, homoni inayotunza mimba, nayo inapungua, na mimba inaharibika kabla haijajishikiza kwenye mji wa mimba. Mwache na dume yuleyule, au peke yake.