Karatasi ya kipimo haitoshi kusema mtoto ana aleji

Pole dada. Umesema mwanao wa miaka miwili ana ukurutu, kipimo cha damu kimesoma aleji ya maziwa, mayai, karanga, ngano na samaki, na umeambiwa ukate vyote. Swali langu: akila yai huwa anafanyaje? Kama juzi alimaliza chapati na yai akaenda zake kucheza, hiyo karatasi haina neno la mwisho.

Kipimo hicho hutafuta kingamwili za IgE, yaani zile zinazohusika na aleji. Mtoto mwenye ukurutu anaweza kuwa nazo tele na chakula chenyewe kisimdhuru. Ndiyo maana kupima vyakula lukuki kwa mpigo huleta majibu ya kutisha bure. (Vipimo vya IgG, kingamwili za aina nyingine, vinavyouzwa ghali ndio kabisa, usitoe hata shilingi.)

Kukata nako kuna hatari. Uzito unaweza kushuka, halafu wapo watoto wa ukurutu waliokuwa wakinywa maziwa vizuri, wakakatishwa kwa miezi, waliporudishiwa ndipo wakapata aleji kali ya kweli.

Omba rufaa kwa bingwa wa aleji au wa watoto. Penye shaka, mtoto hulishwa kidogo kidogo hospitalini akiangaliwa, adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, ikiwa tayari. Usiige nyumbani. Na chakula kilichowahi kumvimbisha midomo, kumtapisha papo hapo au kumbana pumzi, usimpe tena mpaka aonwe, hata kipimo kikisema hana kitu.